Kikundi chetu cha mazoezi cha wazee kilikufa mara mbili, cha tatu kinaingia mwaka wa nne. Vyenu vinadumuje?

MstaafuGatini (Tanga)

Wakubwa zangu shikamooni, wengine habari za asubuhi.

Nina miaka 68. Nimekula mshahara wa bandari hapa Tanga mpaka siku ya kustaafu. Naleta uzi huu kwa sababu nyuzi za mazoezi humu ni za vijana wa jimu na maziwa ya unga. Sisi ambao magoti yanalia kama bawaba ya mlango wa stoo hatuna pa kusemea. Faida za mazoezi sizitaki hapa, tafadhali. Hizo tumeshaambiwa kliniki, kila mwezi dawa ya presha na maneno yaleyale. Ninachouliza ni kimoja: kwa nini mzee anaanza Januari, ikifika Machi humwoni?

Kikundi chetu cha kwanza kilizaliwa mwanzoni mwa 2017. Desemba 2016 Mama Samia, wakati ule Makamu wa Rais, alizindua kampeni ya mazoezi dhidi ya magonjwa yasiyoambukiza, ikasemwa Jumamosi ya pili ya kila mwezi watu watoke. Mtaani kwetu watu walitoka kweli. Kulikuwa na kijana mmoja mwalimu wa michezo, sauti kama honi ya meli, anahesabu "moja, mbili, tatu, geuka", na sisi huku nyuma tunageukia upande mwingine. Tukanogewa. Tukaona mara moja kwa mwezi haitoshi, tukaweka Jumatatu, Jumatano na Jumamosi. Tulikwenda hivyo miezi kama minane, kijana akapata ajira Dodoma. Jumatatu iliyofuata tulifika watu ishirini na kitu, tukajipanga mistari yetu kama kawaida, halafu tukatazamana. Hakuna aliyejua kinachoanza. Mmoja akasema leo tupige stori tu. Jumatano tulikuja tisa. Jumamosi nilikuwa mimi na mbwa wa watu.

Kifo cha pili ni cha traksuti. Mwaka 2019 tulijifufua, safari hii kwa mpangilio: mwenyekiti, katibu, mweka hazina, katiba ya kurasa tatu. Watu 35. Ikaamuliwa tuwe na sare, maana klabu za jogingi za vijana zote zina sare na sisi tulionekana kama tumetoroka wodini. Mchango shilingi 25,000 kila mtu. Fulana zilikuja. Traksuti mpaka leo ziko kwa fundi. Sitasema zaidi, wengine ni majirani. Kikundi kilikatika kambi mbili, na kila kambi ikaacha mazoezi ili isikutane na nyingine.

Hiki cha tatu tulianza watu saba, sasa tuko ishirini na wawili. Sare hatuna, kocha hatuna. Tuna sheria moja: ukikosa siku mbili mfululizo, wenzako wawili wanakuja nyumbani kukujulia hali. Hawaji kukusema. Wanakaa, kama chai ipo wanakunywa, wanaaga.

Hapo ndipo nilipojifunza jambo ambalo miaka yote ile lilinipita. Wanaoacha si wavivu. Kila mmoja ana sababu, ila ni sababu ambayo hawezi kuitamka mbele za watu. Wa kwanza tuliyemfuata ni mwenzangu wa zamani wa gatini, mtu wa miraba minne. Ukimkuta njiani anakwambia "goti, bwana". Tumekaa barazani kwake mpaka kikombe cha pili ndipo akanisogelea: tezi dume. Kila nusu saa lazima aende haja ndogo, na pale uwanjani choo hakuna. Mtu mzima, mjukuu wake anapita pale kwenda shule, atajisitiri wapi? Akaona heri goti libebe lawama.

Tukahama. Sasa tunafanyia kiwanja cha shule ya msingi, mwalimu mkuu anatuachia ufunguo wa choo, na sisi tunafagia kabla watoto hawajafika. Mwenzangu alirudi wiki hiyohiyo.

Wa pili alikuwa bibi mmoja. Yeye kisa chake ni kandambili: siku moja zilimvuka katikati ya mazoezi na kijana mpita njia akamcheka. Wa tatu anampeleka mjukuu shule saa kumi na mbili na nusu, ndiyo saa yetu kamili. Miaka yote ile tungemwita mvivu.

Vyenu vimekufa kwa nini? Na vilivyo hai, vinaishije?

—

KitongaMbili

Mzee hapo kwenye mbwa wa watu nimecheka mpaka mke wangu kaja kuniangalia. Shikamoo.

—

PaziaJekundu

Mimi nitakuwa mbaya wa uzi. Mama yangu ana miaka 74, yuko Muheza. Anapanda kilima na jembe, anashuka na mzigo wa kuni kichwani. Hajawahi kuhesabiwa moja mbili tatu na mtu. Haya mambo ni ya watu wa mjini mlioshiba, mkishastaafu mnakaa kwenye makochi mnatafuta jasho la kuazima. Huko kijijini kikundi cha mazoezi kinaitwa shamba.

—

MstaafuGatini (Tanga)

Mfikishie mama shikamoo yangu. Sikupingi. Na mimi nilikuwa na shamba langu, liliitwa gati namba moja. Miaka thelathini na kitu ya kupanda ngazi za meli, kuvuta kamba, kutembea kutoka geti mpaka mwisho wa ghala na kurudi. Sikuwahi kufanya mazoezi hata siku moja kwa sababu kazi ilikuwa inanifanyisha. Siku niliyopewa cheti na saa ya ukutani, vyote vikakatika palepale. Mwaka mmoja tu, ngazi tatu za msikitini nikawa nazishika ukuta. Mkulima anastaafu kidogokidogo, mwajiriwa anastaafishwa Ijumaa.

—

NesiMstaafu (Mwanza)

Nimefanya kazi ya uuguzi miaka mingi, nyingi zikiwa wodi ya mifupa, kwa hiyo nitaongea kuhusu kuanguka, maana ndiko ninakokujua. Kijana akivunjika nyonga ni ajali. Bibi wa miaka 75 akivunjika nyonga, mara nyingi ndiyo mwanzo wa kitanda, na kitanda kina mambo yake: vidonda, mapafu, damu kuganda miguuni.

Shirika la Afya Duniani, kwenye mwongozo wake wa 2020, linataka mtu wa miaka 65 na zaidi apate dakika 150 hadi 300 kwa wiki za kutembea haraka au kitu cha uzito huo, mazoezi ya nguvu ya misuli angalau siku mbili, na, hili ndilo watu wanalisahau, mazoezi ya mizani ya mwili, yaani ya kusimama bila kuyumba, yakichanganywa na ya nguvu siku tatu. Kipimo changu cha haraka cha "kutembea haraka": uweze kuongea lakini ushindwe kuimba.

Mwaka 2019 yalitoka mapitio yaliyokusanya tafiti 108 zenye wazee zaidi ya 23,000. Mazoezi yalipunguza kuanguka kwa karibu asilimia 23. Lakini angalieni, ni yale ya mizani na kuinuka ndiyo yaliyobeba hesabu. Kutembea peke yake hakukutoa jibu la wazi. Kwa hiyo mzee anayetembea kilomita tano kila siku, akirudi asimame kwa mguu mmoja akiwa ameshika kiti, ainuke na kukaa mara kumi bila kujisukuma kwa mikono, atembee mstari mmoja kisigino kikigusa kidole. Hata mama wa PaziaJekundu. Jembe linampa nguvu, mizani atahitaji zaidi siku atakayoanza kuona ukungu.

Sasa lile la mzee wa tezi. Nashukuru limesemwa, na niseme la upande wetu. Wanawake wengi waliozaa, umri ukienda, wakiruka au wakipiga chafya mkojo unawachuruzika. Ndiyo maana kwenye vikundi mnawaona wamesimama mstari wa nyuma, wakifika kwenye kuruka wanafunga kamba za viatu. Halafu hawaji tena. Hakuna atakayekwambia. Ondoeni kuruka, hakuna mtu wa miaka 70 anayehitaji kuruka. Na kuna mazoezi ya misuli ya chini ya nyonga: kaa, bana kama unayezuia mkojo na upepo kwa pamoja, hesabu mpaka tano, achia, pumzika, rudia mara kumi, mara tatu kwa siku. Usifanyie chooni katikati ya kukojoa. Inachukua wiki, pengine miezi mitatu, lakini inasaidia wengi, na unaweza kufanya ukiwa kanisani bila jirani kujua.

—

Mwanahamisi_K

Dada nesi, nimesoma aya ya mwisho mara mbili. Nilidhani ni mimi tu. Asante.

—

BiMkubwaMchangani (Unguja)

Ahsante kwa uzi. Kwetu Zanzibar tuna siku yetu, tarehe mosi Januari, Siku ya Mazoezi Kitaifa. Vikundi vinatoka na ngoma na mabango, wakubwa wa serikali wako mbele, raha tupu. Mimi huwa nawauliza wenzangu: na tarehe pili?

Sisi wanawake hatutoki alfajiri. Alfajiri ina kuswali, kuna maandazi ya kuchoma, kuna watoto wa watu. Tunakutana baada ya alasiri, ndani ya ua wa nyumba ya mwenzetu, mlango tunaurudisha, buibui tunalitundika. Muziki wetu ni kidumbaki, kwenye simu ya binti wa nyumba hiyo. Wa kukaa kitini anakaa kitini anatikisa mikono. Mdogo wetu ana miaka 56, mkubwa 81.

Sasa hapa nitapingana na mleta mada. Yeye anasema pesa iliua kikundi. Sisi pesa ndiyo iliyotuweka. Siku ya mazoezi ndiyo siku ya mchezo, upatu wetu. Elfu mbili kila mtu, Jumapili na Jumatano, zamu inazunguka. Hukuja bila ya udhuru, zamu yako inarudi mwisho. Utaona mtu anakuja na homa! Tuna mwaka wa saba.

—

MstaafuGatini (Tanga)

Bi Mkubwa umenipa kazi ya kufikiri usiku kucha. Nadhani tofauti yetu ni hii: pesa yenu hailali. Inaingia saa kumi jioni, saa kumi na moja imeshaondoka na mwenyewe, kila mmoja anaona. Yetu ililala kwenye mfuko wa mtu mmoja miezi mitatu ikisubiri fundi. Pesa ikilala inaota ndoto. Nitalipeleka kwa wenzangu, lakini wanaume kwenye mchezo... tutaona.

—

SautiYaMzalendo

Wanaume mtaanza na katiba tena.

—

GukaWaKasarani (Nairobi)

Hamjambo ndugu wa Tanzania. Naona mnaongea presha na magoti, mimi niwaletee ya Korogocho, mtaa wa mabanda hapa Nairobi. Huko kuna kina shosho, yaani mabibi, wanaofunzwa kupigana. Si mzaha. Ngumi, kiwiko, teke la goti, pa kumgonga mtu akulegee, na kupiga mayowe. Chanzo chake ni kibaya: wanawake wakongwe wanaoishi peke yao walikuwa wanavamiwa na kubakwa kwenye nyumba za mabati. Kikundi kinaitwa Cucu Jikinge, wengine husema Shosho Jikinge, na waandishi wa dunia nzima wameshafika kuwapiga picha.

Ninachotaka mwone: hakuna shosho aliyeenda pale kwa sababu daktari alisema moyo. Alienda kwa sababu mlango wake hauna kufuli la maana. Mazoezi ya kumshika mtu wa miaka 80 lazima yawe na kazi anayoiona leo, si faida ya miaka kumi ijayo. Ukimwambia mtu wa 82 kwamba atazuia ugonjwa wa moyo siku za usoni, atakuuliza siku gani hizo.

—

Pwaguzi

Na wale bibi wa Limpopo, Afrika Kusini, wanaocheza mpira? Vakhegula Vakhegula. Aliyewaanzisha ni Beka Ntsanwisi, na 2010 walikwenda mpaka Massachusetts kucheza kwenye mashindano ya maveterani. Sketi, fulana, mpira. Ukimwambia bibi yule aache apumzike atakupiga chenga.

—

Nyamirambo250 (Kigali)

Hapa Kigali tangu 2016 kuna siku ya barabara bila magari, siku hizi ni Jumapili mbili kwa mwezi. Barabara kubwa zinafungwa asubuhi, watu wanakimbia, wanatembea, wanaendesha baiskeli, halafu wanapimwa presha na sukari bila malipo. Baba yangu huenda. Lakini nakubaliana na bibi wa Unguja: Jumapili mbili ni sherehe, mwili unataka na Jumanne. Kitu kimoja ambacho barabara imempa baba ni marafiki wawili wapya. Sasa hivi wanatembea kila jioni na hawahitaji serikali iwafungie barabara. Wanagombana kuhusu timu za mpira, Rayon na APR, njia nzima.

—

MtunzaWazee_Ohio (Marekani)

Shikamooni. Nafanya kazi nyumba ya kulelea wazee huku. Niongezee utafiti mmoja ambao tulifundishwa kwenye kozi, uliotoka 2014: watu 1,635 wa miaka 70 hadi 89, wote miguu imeanza kuwachoka, waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilifanya mazoezi, hasa kutembea, na nguvu na mizani. Mara mbili kwa wiki kituoni pamoja na wenzao, siku nyingine kwao. Kundi jingine lilipewa semina za afya. Wakafuatiliwa kwa wastani wa miaka 2.6. Kipimo kilikuwa rahisi: unaweza kutembea mita 400 bila kukaa na bila kushikwa? Waliopoteza uwezo huo walikuwa wachache zaidi kwenye kundi la mazoezi, hatari ilishuka kwa asilimia 18.

Kwangu mimi la maana ni kundi la pili. Hawa hawakuachwa hivihivi, walifundishwa, walikutana, walijua kila kitu. Kujua hakukuwapeleka popote. Nyumbani Tanzania tunapenda sana semina, posho na maji ya chupa.

—

Mbweha

Mkuu usiguse posho.

—

Chumba_na_Sebule (London)

Watu huniambia tabia inajengeka kwa siku 21. Si kweli, au tuseme hakuna aliyeipima ikawa hivyo. Chuo Kikuu cha UCL, hapa London, walifuatilia watu 96 waliochagua jambo dogo la kufanya kila siku, kama kunywa maji baada ya kifungua kinywa au kukimbia kidogo kabla ya chakula cha jioni. Matokeo yalichapishwa 2010: wastani ulikuwa siku 66 mpaka jambo liwe la kujiendesha lenyewe, na walitofautiana kuanzia siku 18 hadi 254. Wa mazoezi walichukua muda mrefu kuliko wa maji. Lingine: kukosa siku moja hakukuharibu kitu.

Kwa hiyo mzee, Januari mpaka Machi ndiyo hizo siku 66 zenyewe. Watu wanaanguka mlangoni. Na kanuni yenu ya siku mbili naona mmeipata bila maabara.

—

MstaafuGatini (Tanga)

Tulisema siku mbili kwa sababu siku moja mtu ana haki ya kulala. Hatukuwa na akili zaidi ya hapo.

—

Ramani_ya_Zamani

Nilisoma Japani miaka ya tisini. Kila asubuhi saa kumi na mbili na nusu redio ya taifa inapiga piano, na wazee wanatoka kwenye bustani wanafanya mazoezi ya viungo, dakika chache tu, mfuatano uleule. Walianza 1928. Watoto wanajifunza shuleni, kwa hiyo mtu akifika 80 mwili wake unaukumbuka wenyewe. Hakuna kocha wa kuhamia Dodoma. Kifo chenu cha kwanza, mzee, kilikuwa cha kukosa wimbo.

—

MstaafuGatini (Tanga)

Hili limenigusa kwa sababu ndilo tulilolifanya safari ya tatu, bila kujua Wajapani wapo. Tulikaa chini ya mwembe wa shule, watu saba, tukasema kila mtu alete mkao mmoja kutoka kwenye kazi yake ya zamani. Mimi nikaleta kuvuta kamba ya meli: mguu mmoja mbele, unavuta kwa mgongo ulionyooka, unabadilisha mguu. Mwenzangu wa tezi akaleta kupokea gunia: miguu wazi, unachuchumaa mpaka unapoweza, unainuka. Bibi wa kandambili alikuwa shamba la mkonge huko Korogwe, akaleta kukata mkonge: unainama kwa nyonga, mkono unazunguka kushoto, kulia. Mwalimu mstaafu akaleta kuandika ubaoni, juu kabisa mpaka visigino viinuke, halafu chini kabisa. Mshonaji akaleta cherehani ya miguu, hiyo tunafanya tumekaa kwenye viti. Tukamalizia na hatua za mdumange, ngoma ya huku kwetu, maana wenye kuitaka walikuwa watatu kati ya saba na kura ni kura. Kuna mmoja alipendekeza baikoko, ile ngoma ya kukata viuno. Tulimwambia tunataka kurudi nyumbani na heshima zetu.

Dakika 35 yote. Kila siku anaongoza mwingine. Akisahau, anayemfuata anamkumbusha, na wanaotoka safari wakirudi hawahitaji kufundishwa. Nesi, kisigino kwa kidole tunaongeza wiki hii. Tutakiita nini?

—

NesiMstaafu (Mwanza)

Kiiteni "kupita kwenye mashua". Na wakati wa kupokea gunia msibane pumzi, toeni hewa mnapoinuka, presha haipendi kubanwa. Wa dawa za presha wasiinuke ghafla wakiwa wameinama kwenye mkonge. Wa sindano za sukari wasije na tumbo tupu, na kila mmoja awe na tende mbili mfukoni. Maumivu ya kifua, kizunguzungu, pumzi kukata kuliko kawaida: kaa, acha, siku hiyo uende hospitali, si wiki ijayo. Maumivu ya goti lenye ugumu wa asubuhi si sababu ya kukaa kitandani, goti la namna hiyo linataka kutumiwa, taratibu.

—

PaziaJekundu

Nimempigia mama, nimemsomea uzi mzima. Amecheka hasa kwenye kukata mkonge, anasema yule bibi anajua. Halafu akasema: "Mwambie huyo mzee kama anataka kuvuta, aje huku avute mihogo."

—

MstaafuGatini (Tanga)

Mwambie nakuja na watu ishirini na mmoja. Asipike kitu, mihogo hiyohiyo.

—

Sikujua_Hili

Swali: Ramadhani mnafanyaje? Kikundi cha mama yangu hufia pale kila mwaka, Shawwal ikifika hakuna anayekumbuka kuanza.

—

BiMkubwaMchangani (Unguja)

Sisi hatuachi, tunapunguza. Nusu saa kabla ya futari, viti tu na mikono, kisha kila mtu anakimbilia tambi zake. La muhimu ni kukutana. Mwenye kukaa mwezi mzima hajamwona mtu, Shawwal anaona haya kurudi.

—

MstaafuGatini (Tanga)

Sisi vilevile. Masika ndiyo ilitusumbua zaidi, mwaka jana tulihamia kwenye varanda ya darasa la nne. Ishirini na wawili hatuenei, tukafanya awamu mbili. Wa awamu ya pili wakawa wanakuja mapema kuwatazama wa kwanza na kuwakosoa.

—

Makorora_Boi (Tanga)

Shikamoo mzee. Nimesoma kimyakimya tangu jana. Niko Makorora, nadhani shule mnayoisema naijua. Baba yangu ana miaka 71. Alikuwa mtu wa baiskeli, mji mzima huu ameumaliza kwa baiskeli. Tangu mama afariki, mwaka jana mwezi wa saba, hatoki. Anaswalia ndani. Nimemnunulia hadi mashine ya kutembea, ameitundikia koti. Nikimwambia kuhusu kikundi anasema "goti". Hajawahi kuwa na goti.

—

MstaafuGatini (Tanga)

Marahaba mwanangu. Pole sana kwa mama.

Nitumie mtaa kwenye ujumbe wa faragha. Usimwambie kama tunakuja. Na usiwepo.

—

MstaafuGatini (Tanga)

Mrejesho kwa wanaofuatilia. Jumapili tulikwenda wawili, mimi na mwenzangu wa tezi. Mazoezi hatukuyataja. Tumekuta tunafahamiana, alikuwa analeta barua ofisini kwetu enzi hizo. Chai alipika mwenyewe, sukari nyingi mno, tumekunywa. Tukaaga. Tumemwambia Alhamisi tutapita tena, akasema "mtakavyo".

—

NesiMstaafu (Mwanza)

"Mtakavyo" si "hapana".

—

MstaafuGatini (Tanga)

Alhamisi tumekwenda. Ameongea saa nzima habari za marehemu, sisi tunasikiliza. Tulipoinuka akauliza kama ile shule bado ina ule mwembe. Nikamwambia upo. Akauliza choo je. Mwenzangu akajibu haraka kuliko mimi: "Kipo, na ufunguo ninao mimi."

—

Makorora_Boi (Tanga)

Mzee, jana usiku nimemkuta amepiga magoti anavuta vitu chini ya kitanda. Anatafuta raba zake. Amepata moja.

—

MstaafuGatini (Tanga)

Anavaa namba ngapi?

—

Makorora_Boi (Tanga)

Nane.

—

MstaafuGatini (Tanga)

Ipo ya mshonaji, haijavaliwa sana. Jumatatu saa kumi na mbili kasoro robo tutapita hapo. Mwambie aje na kanga au taulo la kukalia, chini kuna umande.